HABA NA HABA HUJAZA KIBABA: KUGEUZA NAMBA KUTOKA MSINGI MMOJA HADI MWINGINE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeitia kwenye insha zetu tangu shule ya msingi, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuuliza kibaba chenyewe ni nini? Kibaba ni kipimo cha nafaka cha watu wa pwani. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Ukipima kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu kisha cha nne, umepata pishi, na unaanza kuhesabu vibaba upya. Kipimo kidogo kikijaa, hesabu inahamia kwenye kipimo kikubwa.

Hilo tu ndilo jambo ninalotaka kueleza katika makala haya. Darasani wanaliita misingi ya namba, au besi. Wengi wanalikimbia wakidhani ni la watu wa Kompyuta peke yao. La hasha! Mwaka wa 2024 jambo hili liligonga mlango wa kila nyumba yenye mita ya tokeni hapa kwetu Lucky Summer, na Kenya nzima kwa jumla. Mita za stima zilitakiwa kurekebishwa kwa sababu kuna kibaba kimoja kilichokuwa kinakaribia kujaa. Watu walibonyeza namba walizopewa, taa zikaendelea kuwaka, lakini wengi hawakuambiwa ni kwa nini. Nifuateni polepole na tukifika mwisho mtajua.

MSINGI NI NINI?

Tuanze na namba 345. Tunaisoma mia tatu arobaini na tano kwa sababu kila nafasi ina thamani yake. Tano ziko kwenye nafasi ya mamoja, nne kwenye nafasi ya makumi, tatu kwenye nafasi ya mamia. Kila ukihama nafasi moja kwenda kushoto, thamani inazidishwa kwa kumi. Ndiyo maana tunasema tunahesabu kwa msingi wa kumi. Sababu yake unayo mikononi: vidole kumi.

Lakini si lazima iwe kumi. Lugha zetu zenyewe zina ushahidi. Mjaluo akihesabu husema abich kwa tano. Sita ni auchiel, yaani tano na achiel (moja). Saba ni abiriyo, yaani tano na ariyo (mbili). Mkono mmoja ukijaa, unaanza mwingine. Mkikuyu naye sita yake, ithathatu, ina tatu mbili ndani yake, na nane yake, inyanya, ina nne mbili. Hata nane yetu ya Kiswahili ukiisikiliza vizuri utaisikia nne imejificha humo. Kwa hivyo babu zetu walikuwa na namna nyingi za kupanga hesabu kabla mwalimu wa hisabati hajaingia darasani na chaki.

VIPIMO VYA MTAANI

Nenda sasa kwenye duka lolote hapa mtaani. Mayai yanauzwa kwa trei, na trei moja ni mayai 30. Soda za chupa zinakuja kwa kreti, na kreti moja ni chupa 24. Vitabu vya kuandikia vinanunuliwa kwa dazani, yaani 12. Ukimuuliza mwenye duka ana soda ngapi, hatasema mia moja. Atasema, "Niko na kreti nne na chupa nne." Zidisha 24 kwa 4 upate 96, ongeza 4, ni mia moja kamili. Soda ni zile zile, hakuna iliyoongezeka wala iliyopungua. Kilichobadilika ni namna ya kuzitaja.

Mambo ni yale yale kwenye saa. Sekunde 60 ni dakika, dakika 60 ni saa, saa 24 ni siku. Hapa msingi wenyewe unabadilika njiani, kwanza 60, tena 60, halafu 24. Hata hivyo hakuna mtu anayechanganyikiwa, kwa sababu tumezoea.

Saa ina fundisho lingine, nanyi mliweke akilini kwa sababu nitalihitaji huko mbele. Mwalimu wa Kiingereza akisema saba asubuhi, sisi tunasema saa moja. Wakati ni ule ule, ila yeye ameanza kuhesabu usiku wa manane nasi tumeanza alfajiri. Kwa hivyo hesabu yoyote ina mambo mawili: ukubwa wa vipimo vyake, na mahali ilipoanzia.

CHOMBO CHA KWANZA: GAWANYA, ANDIKA BAKI

Mashine haina vidole kumi. Ndani yake kuna swichi ndogo ndogo, na swichi ina hali mbili tu: imewashwa au imezimwa. Imewashwa tunaandika 1, imezimwa tunaandika 0. Kwa hivyo mashine huhesabu kwa msingi wa mbili, na kila tarakimu ya namba hiyo huitwa biti. Thamani za nafasi zake, kutoka kulia, ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili.

Tuseme tunataka kugeuza 45. Chombo chake ni rahisi mno. Gawanya kwa 2, andika baki, kisha gawanya jibu tena, hadi jibu liwe sifuri:

45 ÷ 2 = 22, baki 1
22 ÷ 2 = 11, baki 0
11 ÷ 2 = 5, baki 1
5 ÷ 2 = 2, baki 1
2 ÷ 2 = 1, baki 0
1 ÷ 2 = 0, baki 1

Sasa soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 101101. Hiyo ndiyo 45 kwa msingi wa mbili. Hakikisha: 32 + 8 + 4 + 1 = 45.

Mtauliza, kwa nini tusome kutoka chini? Rudini kwa soda. Ukigawanya chupa mia moja kwa 24, baki ni zile chupa zilizokosa kreti, yaani kipimo kidogo kabisa. Baki la kwanza kila mara ni la kipimo kidogo, na kipimo kidogo tunakiandika kulia. Ukielewa hapo huna haja ya kukariri.

Tena chombo hiki hakichagui msingi. Ukitaka msingi wa tano, gawanya kwa 5. 45 ÷ 5 = 9, baki 0; 9 ÷ 5 = 1, baki 4; 1 ÷ 5 = 0, baki 1. Jibu ni 140.

CHOMBO CHA PILI: ZIDISHA, ONGEZA

Kurudi kwenye msingi wa kumi unafanya kinyume. Anza na tarakimu ya kushoto kabisa. Zidisha kwa msingi, ongeza tarakimu inayofuata, endelea hivyo hadi mwisho. Kwa 101101 tunasema: moja, mara mbili ni 2, ongeza 0, ni 2, mara mbili ni 4, ongeza 1, ni 5, mara mbili ni 10, ongeza 1, ni 11, mara mbili ni 22, ongeza 0, ni 22, mara mbili ni 44, ongeza 1, ni 45. Umefika. Ukizoea, unaifanya kichwani ukiwa kwenye matatu kabla haijatoka stejini.

CHOMBO CHA TATU: VIFUNGU

Namba za msingi wa mbili zina ubaya mmoja, nazo ni ndefu. Kwa hivyo watu wa kompyuta huzikata vifungu. Ukikata biti tatu tatu kuanzia kulia unapata msingi wa nane: 101 na 101, yaani 5 na 5. Basi 45 ni 55 kwa msingi wa nane (8 × 5 + 5). Ukikata biti nne nne unapata msingi wa kumi na sita: 0010 na 1101, yaani 2 na 13.

Lakini 13 ina tarakimu mbili na nafasi ni moja. Ndipo herufi zilipoletwa: A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, F ni 15. Kwa hivyo 45 inaandikwa 2D. Umewahi kuona kwenye simu anwani ya Wi-Fi yenye namba zilizochanganyika na herufi, lakini herufi zenyewe hazipiti F? Sasa unajua sababu yake.

VIDOLE, KIKOKOTOO NA KOMPYUTA

Kuna vyombo vingine vya kutusaidia. Cha bure kabisa ni vidole. Kidole kilichosimama kiwe 1, kilichokunjwa kiwe 0. Mkono mmoja utahesabu hadi 31, na mikono miwili hadi 1,023. Jaribu, lakini namba 4 usiinyooshe mbele ya mwalimu.

Vikokotoo, au kalkuleta kama tunavyosema, si vyote vinavyojua kazi hii. Casio fx-82 ambayo wengi wetu tunayo haina sehemu ya misingi, lakini fx-991 inayo. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua kikokotoo chake na uchague sehemu ya waandishi wa programu. Ukiandika namba moja itakuonyesha misingi minne kwa mpigo: kumi, mbili, nane na kumi na sita. Na wanaojifunza Python wakiandika bin(45) watapata 0b101101. Ile 0b ya mbele inasema tu kwamba hii ni namba ya msingi wa mbili.

Hata hivyo nawaonya. Kikokotoo hicho cha Windows kinaishia kwenye biti 64. Hivi karibuni tutakutana na namba isiyoingia humo, nayo iko nyumbani kwenu kwenye simu ya mzazi. Karatasi na kalamu haziishiwi na nafasi.

TOKENI YA STIMA

Wengi wetu Lucky Summer tunaishi kwenye ghorofa au ploti zenye mita za tokeni. Mzazi analipa kwa simu, meseji inaingia ikiwa na tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, stima inarudi. Kwa nini tarakimu 20, wala si 15 au 30?

Jibu ni kwamba tokeni ni namba ya msingi wa mbili iliyogeuzwa kuwa ya msingi wa kumi ili binadamu aweze kuibonyeza. Mfumo huo ulianzia Afrika Kusini na sasa hutumika katika nchi nyingi. Ndani yake tokeni ina biti 66. Hebu fikirieni kumtumia nyanya yako meseji ya 0 na 1 sitini na sita! Angekosea kabla hajafika katikati. Namba kubwa kabisa ya biti 66 ni 73,786,976,294,838,206,463. Hesabuni tarakimu zake. Ni 20 kamili.

Hapa kuna uchunguzi ambao kila mtu anaweza kuufanya leo jioni. Kwa kuwa namba kubwa kabisa inaanza na 7, hakuna tokeni inayoweza kuanza na 8 wala 9. Chukua simu ya mzazi (kwa ruhusa yake!) uangalie meseji za zamani.

Katika biti hizo 66, mbili hueleza tokeni ni ya aina gani. Biti 64 zilizobaki zimegawanywa hivi: 4 za aina ndogo, 4 za bahati nasibu, 24 za wakati tokeni ilipotolewa, 16 za kiasi cha stima, na 16 za kukagua kama namba imeandikwa sawa. Jumlisheni muone: 4 + 4 + 24 + 16 + 16 = 64. Msije mkadhani mtaketi na kalamu mjitengenezee tokeni. Biti hizo huvurugwa kwanza kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, kwa hivyo ukizigeuza utaona 0 na 1 tu zisizosomeka. Ndiyo maana pia tokeni ya jirani haiingii kwenye mita yako.

KIBABA KILICHOJAA

Sasa tuangalie zile biti 24 za wakati. Mita lazima ijue tokeni ilitolewa lini, la sivyo mtu angeingiza tokeni moja kila siku na stima isiishe. Mita huweka kumbukumbu ya wakati wa tokeni ilizokwisha kupokea na hukataa iliyotumika au iliyo ya zamani. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993.

Biti 24 zinaweza kuhesabu hadi ngapi? Mbili ikizidishwa yenyewe mara 24 ni 16,777,216. Ukianzia sifuri, namba ya mwisho ni 16,777,215. Hiyo ni dakika. Tutumie chombo chetu cha kwanza, gawanya na uandike baki:

16,777,215 ÷ 60 = 279,620, baki dakika 15
279,620 ÷ 24 = 11,650, baki saa 20

Yaani siku 11,650, saa 20 na dakika 15. Siku hizo ni karibu miaka 32. Zihesabu kuanzia 1 Januari 1993, bila kusahau Februari zenye siku 29, na utaangukia tarehe 24 Novemba 2024.

Siku hiyo kibaba kilijaa. Kipimo kikijaa, hesabu inapaswa kuhamia kipimo kikubwa, lakini hapa hapakuwa na biti ya 25. Ni kama ile mita ya kilomita ya matatu kuukuu: ikifika 999,999 inarudi 000,000. Mita ya stima ambayo haikurekebishwa ingeona kila tokeni mpya kama ya mwaka wa 1993, na kwa kuwa inakataa tokeni za zamani, ingezikataa zote. Mzazi angelipa pesa zake halali na nyumba ibaki giza.

Ndiyo sababu mwaka huo Kenya Power iliwatangazia wateja warekebishe mita kabla ya tarehe hiyo. Mtu akinunua tokeni alipata mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kurekebisha mita, la tatu ndilo lenye stima. Katika ploti yetu watu waliogopa. Jirani yetu mmoja aliniita akiwa ameshika simu mbele ya mita.

"Wee kijana wangu, mimi nimezoea namba moja. Hizi tatu si ni za wakora?"

"Hapana, Mama. Ingiza ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Usiruke."

"Na nikiruka?"

"Ya tatu haitaingia, Mama. Mita bado itakuwa inatumia ufunguo wake wa zamani."

Aliziingiza zote tatu, na watoto wake wakapata mwangaza wa kusomea mtihani. Lakini woga wake ulikuwa na maana. Asiyejua namba ni ya nini, atamjuaje mkora atakapokuja kweli na namba zake?

Yale mafungu mawili yalibadilisha ufunguo wa mita na mahali pa kuanzia hesabu. Mnakumbuka saa moja ya Kiswahili na saba ya Kiingereza? Ni mtindo ule ule. Hesabu iliyokuwa ikianzia 1 Januari 1993 sasa inaanzia 1 Januari 2014. Biti ni zile zile 24, kibaba ni kile kile, ila kimemwagwa ili kianze kujaa upya.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, namba na maandishi yake ni vitu viwili. 45, 101101, 55, 140 na 2D ni majina matano ya kitu kimoja, kama vile mtu mmoja anavyoitwa mwalimu shuleni, Baba nyumbani na mjomba kijijini. Pili, kila chombo cha kuhesabia kina mwisho wake. Waliotenga biti 24 hawakufanya ujinga, walipima miaka karibu 32 wakaona inatosha. Lakini miaka hupita, na sisi ndio tutakaounda mita za kesho. Tukipima, tujiulize kibaba kitajaa lini na nani atakuwa amesimama mbele ya mita siku hiyo.

Nawaachia zoezi. Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili.

1. Andika namba yako ya usajili shuleni kwa msingi wa mbili, kisha kwa msingi wa kumi na sita.

2. Mwenye duka ana mayai 200. Ni trei ngapi na mayai mangapi?

3. Namba 111111 ya msingi wa mbili ni ngapi kwa msingi wa kumi? Tafuta njia ya mkato.

4. Ikiwa mita sasa zinahesabu kuanzia 1 Januari 2014, zile biti 24 zitajaa tena tarehe gani? (Kidokezo: ni mwaka wa 2045, na wengi wetu tutakuwa wazazi wenye kununua tokeni.)

Kazi kwenu.